Bi Mita na Vema za Alhamisi

Wasifu huu una jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu atakayeliamini. Mjomba wa marehemu, ndiye huyu anayewasomea, analijua hilo wala hawalaumu, amezoea. Lakini safari hii hasemi kwa kichwa chake. Ameandika akiwa na daftari la marehemu mbele yake, lile lenye jalada gumu la kijani na ufutio uliofungwa kwa uzi mgongoni, na humo kila jambo lina tarehe. Marehemu aliacha maagizo kwenye ukurasa wa mwisho: “Wasifu asome mjomba. Anapoandika, daftari liwe wazi mezani. Msimpe nafasi.” Hayo maneno mawili ya mwisho mjomba anaona hayakuwa na ulazima.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mita, alizaliwa Jumatatu tarehe 3 Machi 1958, saa tatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya matofali yenye paa lililovuja kona moja tu, kona ya kitanda cha mjomba. Alikuwa mtoto wa kwanza na wa mwisho wa dada mkubwa wa mjomba na mumewe, fundi rangi. Mjomba alikuwa na miaka kumi, na ndiye aliyetimua mbio kwenda kumwita mkunga, mbio ambazo mpaka leo hazijavunjwa na mtu. Mkunga aliwahi kudai kwamba alikuja mwenyewe, na kwamba alimkuta mjomba njiani amekaa juu ya jiwe anatoa mwiba. Mkunga ameshafariki, basi hilo tuliache.

Alisoma shule ya msingi tangu 1965 hadi 1971, na sekondari hadi kidato cha nne, mwaka 1975. Mjomba aliishia darasa la nne, lakini darasa la nne la zamani, ambalo mwenye nalo siku hizi angepewa ofisi na kiti cha kuzunguka. Hakuna aliyemzidi marehemu kwa utulivu. Hakuwa na akili za kuruka. Alikuwa na akili za kurudia.

Mwaka 1969, akiwa na miaka kumi na moja, alitaka kujua baiskeli ili aache kutembea kilomita tatu kwenda shule. Baiskeli ya nyumbani ilikuwa moja, ya mjomba, ya kiume, ndefu kama ngazi. Watoto wenzake wa umri ule walikuwa wakidandia, wakianguka, wakilia, wakiacha. Yeye alichukua mkaa akaandika kwenye ukuta wa nyuma ya jiko: NIENDE SHULE KWA BAISKELI. Chini yake akaandika kazi ya siku ya kwanza, nayo ilikuwa hii: kushika usukani na kutembea na baiskeli mpaka kwenye mfereji, basi.

“Sasa hiyo ni kuendesha baiskeli au ni kuisindikiza kliniki?” mjomba alimuuliza.

“Ni ya leo, mjomba. Ya kesho nitaiandika kesho.”

Kesho yake kazi ikawa kukanyaga pedali kwa mguu mmoja. Siku ya tatu hivyo hivyo. Kila kazi ikiisha aliweka alama ya vema ukutani, kama ile mwalimu anayoweka pembeni ya jibu sahihi. Siku ya arobaini alipanda, akaenda shule, akarudi, akafuta mikono kwenye gauni na kuomba chakula kama mtu aliyetoka kufagia. Na hapa ieleweke kwamba aliyemfundisha ni mjomba, aliyekimbia nyuma ameshika tandiko kilomita zote tatu, siku zote arobaini. Habari ikifika hapa marehemu alikuwa na kawaida ya kunyanyua kidole.

“Mjomba, ulishika siku mbili. Siku thelathini na nane nilishika ukuta.”

Baada ya mafunzo ya mwaka mmoja, aliajiriwa na idara ya maji tarehe 5 Januari 1977, kuwa msoma mita. Alipewa mitaa tisa yenye nyumba mia mbili na kumi na mbili, fimbo ya chuma ya kufunulia vifuniko, tochi, brashi na kioo kidogo cha mkononi. Mita nyingine zilikuwa chini kabisa kwenye visanduku vya giza, vyura wamejipangia vyumba. Alikuwa analala kifudifudi uani kwa watu, kioo mkono huu, tochi mkono ule, akisoma namba zilizogeuka bila kukosea.

Hata kazini aliendelea na mtindo wa mkaa, ila sasa kwenye daftari. Kila Januari aliandika lengo moja tu, tena dogo la kutia huruma. Lengo la 1979 lilikuwa kuacha kuogopa mbwa wa nyumba ya kona, na hatua yenyewe ni kusogea unyayo mmoja zaidi kila mwezi kabla ya kumwita mwenye nyumba amfunge. Desemba alimkuna masikio. Mjomba alimwona mbwa yule kwa macho yake: alikuwa sawa na ndama. Daftari, ukurasa wa Januari 1979, linasema: “Mbwa mdogo mweupe. Ana meno machache.” Haya.

Mjomba, fundi baiskeli, naye hakukosa malengo. Ghorofa moja. Karakana kubwa ya baiskeli yenye mafundi sita. Kuacha tumbaku. Marehemu alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, kisha anasema kwa upole, “Mjomba, malengo yako ni makubwa kama mawingu, ila siku zote yananyesha kwa jirani.”

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Aprili 1986 na mwashi, mtu mkimya mwenye mikono iliyopasuka kwa saruji. Walikutana kwenye jengo alilokuwa akijenga, ambako kila mwezi marehemu alikuta mita imefukiwa kwa mchanga. Aliifukua miezi mitano bila kulalamika. Mwezi wa sita akauliza, “Hivi ni nani anayemwaga mchanga hapa kila siku ninayokuja?” Mwashi, akiwa juu ya jukwaa, akajibu, “Ni mimi. Ukifukua unakaa muda mrefu.” Mjomba amesikia vijana wengi wakitongoza na yeye mwenyewe si mchanga katika fani hiyo, lakini hapo alivua kofia. Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa 1988. Mwashi alifariki tarehe 19 Juni 2011 kwa maradhi ya moyo. Mwaka uliofuata binti alipata kazi ya uuguzi katika nchi ya mbali, mwendo wa ndege mbili, na nyumba ikabaki na mtu mmoja.

Marehemu alistaafu Ijumaa tarehe 2 Machi 2018. Walimpa saa ya ukutani na wakampigia makofi. Kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa amefunguliwa mageti mia mbili na kumi na mawili. Jumatatu iliyofuata halikufunguka hata moja.

Hakumwambia mtu. Sisi tulimwona mzima, nguo zimepigwa pasi, tukasema, Bi Mita sasa anapumzika. Mjomba mwenyewe alipita pale Aprili, akanywa chai, akasimulia habari zake saa mbili nzima, akaondoka akijisifu kwamba amemchangamsha. Alichokuwa nacho moyoni tumekisoma baada ya kifo chake. Tarehe 10 Juni aliandika: “Jana sikusema neno na mtu yeyote. Nimelijua leo nilipomwita mwenye duka. Sauti imetoka na kutu.”

Kesho yake, Jumatatu tarehe 11 Juni 2018, aliandika lengo, na tunalisoma kama lilivyo: “Nizungumze na mtu mmoja kila siku kabla ya saa kumi jioni. Awe ananiona uso. Simu haihesabiwi. Salamu tupu haihesabiwi. Mwenye duka akitaja bei tu, haihesabiwi. Nikishapiga mswaki nivae viatu vya kazi. Nikiwa na viatu sitakaa.”

Hilo ndilo jambo mjomba alilosema hamtaliamini. Mwanamke aliyejua majina ya watu wa nyumba mia mbili na kumi na mbili, mtu mmoja kwa siku kwake lilikuwa lengo. Tena siku nne za mwanzo alilishindwa. Ziko pale, mikasi minne mfululizo, alama ya kukosa.

Siku ya tano, viatu miguuni, alikwenda njia yake ya zamani na fimbo ya vifuniko, ambayo hakuwa ameirudisha kazini. Akagonga geti la kwanza. “Mita,” alisema, kwa mazoea tu. Geti likafunguka. Akafunua kifuniko, akalala chini, akasoma namba, na mwenye nyumba akasimama pembeni akimweleza habari za mgongo wake. Vema. Aliendelea hivyo majuma matatu, mpaka msimamizi wa idara ya maji alipokuja nyumbani na kofia mkononi.

“Bi Mita, wateja wanauliza kwa nini wanasomwa mara mbili.”

“Namba siziandiki popote, bosi.”

“Sasa unasomea nini?”

“Nasubiri wamalize kusema.”

Msimamizi alivuta kiti. Alikunywa chai, akaulizwa habari za wanawe, akajibu, akaondoka na fimbo. Siku hiyo marehemu alimhesabu msimamizi. Vema.

Fimbo ilipokwenda ilibidi atafute sababu nyingine. Akaanza kupeleka gauni la kijivu kwa fundi cherehani wa nyumba ya mkabala, mshono wa kwapa umefumuka. Likashonwa Jumanne. Ijumaa akarudi nalo.

“Bi Mita,” fundi cherehani alisema akiligeuza gauni kwenye mwanga, “huu mshono wangu mimi nimeupitisha mara tatu. Umefumuka wenyewe?”

“Umefumuka.”

“Kwa wembe?”

Marehemu akanyoosha mkono alichukue gauni.

“Kaa hapo, dada. Chai ipo. Gauni liache lizeeke lenyewe.”

Tangu siku ile alikaa pale Jumanne na Ijumaa, na gauni halikufumuka tena.

Sasa tuje kwenye Alhamisi. Januari 2019 kifua cha mjomba kilikuwa kikipiga kelele kama pampu iliyokufa raba, na marehemu akamwambia kwamba atamwekea lengo. Si kuacha tumbaku; hilo alishaliacha mara kumi na moja. Lengo lake liwe kufika kwake kila Alhamisi saa nne asubuhi, bila kuvuta tangu kuamka mpaka atakapoondoka. Basi. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Lakini alikuja. Alikuta vikombe viwili mezani kibarazani, kimoja cha marehemu, cha pili kimegeuzwa kichwa chini, na sheria ilikuwa kwamba anayefika ndiye anayekigeuza mwenyewe. Daftari lilikuwa wazi pembeni. Vema ya Alhamisi ilikuwa imeshawekwa.

“Mbona umeniwekea kabla sijafika?”

“Nimekuamini. Ndiyo maana nimetumia penseli.”

Siku nyingine zote aliweka vema jioni, kwa kalamu ya wino, baada ya jambo kutendeka. Alhamisi peke yake aliiweka asubuhi. Mjomba asipokuja, juma linalofuata hakununiwa wala hakuulizwa alikuwa wapi. Alimiminiwa chai, kisha anaambiwa, “Mjomba, ufutio,” naye anafuta kwa mkono wake vema ya Alhamisi iliyopita. Aliwahi kujaribu kujitetea, kwamba mvua ilinyesha mpaka nyumba tatu zikaelea. “Mjomba, ufutio.” Likawa ndilo neno lake kwa kila chumvi. Mjomba akianza kusimulia na mikono ikapanuka, marehemu ananyoosha kidole kwenye ule uzi.

Mjomba alidhani vema zile ni zake. Alikuwa akijisifu kijiweni kwamba anakwenda kwa mpwa wake kutibiwa tumbaku, na kwamba yule mjane kwa kweli anamsumbua, bila yeye, mjomba wake, hana raha. Hakujua kwamba lile daftari ni lile lile, na ile mistari ni ile ile. Alhamisi hizo zote, yeye ndiye alikuwa yule mtu mmoja wa siku.

Mwaka ule watu walipofunikwa midomo na kuambiwa wakae mbalimbali, mikasi iliongezeka. Kuna juma zima la mikasi isipokuwa Alhamisi, mjomba amesimama nje ya uzio, kikombe kimepitishwa juu ya ukuta kwenye ndoo. Pembeni ameandika: “Ameonyesha uso. Inahesabiwa.”

Binti yake alikuja likizo Desemba 2021 akalikuta daftari juu ya friji. Alisoma ukurasa wa lengo la Juni 2018 akiwa amesimama. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili bila kukosa, miaka tisa.

“Mama, kumbe mimi sihesabiwi?”

“Unahesabiwa moyoni, mwanangu. Hilo daftari ni la miguu.”

Februari 2022 madaktari waliona moyo wa marehemu umetanuka na miguu ikaanza kuvimba. Hakufuta lengo, alilipunguza. Kwanza aliacha mitaa tisa akabaki na mmoja. Mwezi wa nane aliandika: “Mpaka kwa fundi cherehani.” Januari mwaka huu: “Mpaka getini, anayepita.” Mei: “Mpaka kibarazani, anayekuja.” Viatu vya kazi aliendelea kuvivaa kila asubuhi baada ya mswaki, kamba zikiwa zimelegezwa mpaka mwisho. Mjomba alimwambia avae ndala apumzishe miguu. Alijibu, “Hivi ndivyo nilivyoanza na baiskeli yako, mjomba. Sasa naipeleka mpaka mfereji tu.”

Alifariki Alhamisi tarehe 14 Septemba 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano na miezi sita, ameketi kwenye kiti chake kibarazani. Fundi cherehani alimwona asubuhi saa tatu na nusu akipanga vikombe, wakapungiana mikono kutoka ng'ambo ya barabara. Saa nane mchana akamwona bado ameketi vile vile, akavuka. Chai ya kikombe kimoja ilikuwa imepoa. Kikombe cha pili kilikuwa kimegeuzwa kichwa chini.

Siku hiyo mjomba alizuiwa na kazi nzito, baiskeli ya mteja wa dharura, gurudumu la nyuma limejikunja kama ukucha, kitu ambacho fundi wa kawaida asingethubutu hata kukigusa.

Sawa. Ufutio. Hapakuwa na gurudumu. Saa nne mjomba alikuwa kwenye benchi la karakana yake, na wateja wawili wapya, anawasimulia alivyomfundisha mpwa wake baiskeli, akikimbia nyuma ameshika tandiko kilomita tatu. Hadithi ilikuwa tamu, walikuwa wakicheka, akaona Alhamisi moja si kitu.

Tangu tarehe 11 Juni 2018 hadi 13 Septemba 2023 ni siku elfu moja mia tisa ishirini na moja. Binti na mjomba wamezihesabu pamoja juzi, wamekaa sakafuni. Vema ni elfu moja mia nane na nne. Mikasi ni mia moja kumi na saba. Alhamisi zilizofutwa na mjomba ni ishirini na sita, na si mbili tatu kama alivyokuwa akisema kijiweni. Karatasi mahali pale imekwanguka, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona ng'ambo.

Marehemu ameacha binti mmoja. Wajukuu wawili waliomjua zaidi kwa picha na sauti. Mjomba mmoja, mwenye miaka sabini na mitano na kifua ambacho, mseme msemavyo, kimetulia. Jirani na rafiki yake, fundi cherehani, ambaye leo amemvika lile gauni la kijivu, mshono wa kwapa ukiwa mzima. Na nyumba mia mbili na kumi na mbili, ambazo nyingi tunaziona zimesimama hapa na watu wake, nanyi nyote, mngefungua geti kama mngejua. Alifanya yake, kidogo cha kila siku, mpaka siku yenyewe. Udongo umpokee kwa upole, na huko aliko asikae peke yake.

Limebaki jambo moja dogo. Vema ya Alhamisi tarehe 14 Septemba bado ipo daftarini, kwa penseli, iliwekwa asubuhi kama kawaida. Mwenye kumwambia mjomba aifute hayupo, na mjomba ameshika ule ufutio siku mbili, mkono haujaenda. Basi kwa kuwa daftari ndilo shahidi, na daftari linasema alifika, iandikwe hapa kwamba siku hiyo mjomba alifika. Alifika saa nne kamili, hajavuta, ametembea mwendo wote kwa miguu na goti lake bovu. Alimkuta mpwa wake kibarazani na viatu vyake, akavuta kiti, akakigeuza kikombe chake mwenyewe, akamwambia, “Mwanangu, leo sina haraka, leo nitakaa mpaka jio—

Mjomba, ufutio.